Wambui na Mwamba Wangu

Vijana wa kituo, mlipokuja nyumbani na sukari na mkate, mkaketi na kunywa chai, nilidhani mnataka habari zangu, kwa kuwa aliyestaafu ni mimi. Kumbe mlitaka niwaandikie habari za Wambui: jinsi alivyousoma ule mwamba, jinsi alivyoupanda na ubao wake. Sawa, nitawapa. Lakini kalamu ni yangu, kwa hiyo habari zake mtazipata zikiwa zimepitia kwangu kwanza. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilinijia polepole, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilifika kituo cha uokoaji nikitokea Kisumu mjini, ambako nilikuwa nikiendesha mashua za kutembeza wageni. Ghuba ya Kisumu niliijua kama ua wa mama yangu: mahali gugu maji linapojikusanya, mahali kiboko anapopenda kulala, saa upepo unapogeuka. Nilijiona nahodha. Mkuu wa kituo wakati huo alikuwa Mzee Okeyo, mtu mrefu, mkimya, aliyekuwa haisikii vizuri dunia kwa sikio la upande wa injini. Alinikagua kutoka kichwa hadi viatu, akaniuliza kama nimeshawahi kuendesha mashua nje ya ghuba, kwenye ziwa wazi. Nikasema mara kadhaa. Akasema basi hujawahi.

Siku hiyo hakunipa mashua. Wala wiki hiyo. Alinipeleka kwenye jabali lililo mbele ya kituo, akaniambia nikae pale niutazame mwamba mpaka nichoke, na nikichoka nisimwambie.

Mwamba wenyewe mnaufahamu. Kwetu unaitwa Lak Nyang', yaani jino la mamba, na ni jina la haki. Ukitoka Luanda Kotieno ukaufuata ufuo upande wa machweo, ambako hakuna tena kisiwa cha kukukinga, unaukuta umelala chini ya maji mbele ya kituo, mrefu, umepinda, na upande wa nje umekatika ghafla. Siku ya utulivu huuoni kabisa. Maji yanapita juu yake laini kama mafuta, na mgeni anapita nayo. Upepo ukiamka, ndipo mamba anapofungua kinywa.

Mzee Okeyo alinifundisha kwa maneno machache, na nayaandika kama alivyonipa. Wimbi ni mtoto wa upepo. Ukitaka kujua ukubwa wa mtoto, uliza mambo matatu kuhusu baba yake: ana nguvu gani, amevuma muda gani, na amepita juu ya maji mapana kiasi gani. Ndani ya ghuba upepo hauna nafasi ya kukimbia, kwa hiyo mawimbi ya Kisumu ni mafupi na yana kelele, kama mbwa mdogo. Lakini upepo wa kusini ukivuma juu ya ziwa wazi tangu upande wa Tanzania, mawimbi yanakua njiani. Yanarefuka, yanaachiana nafasi, yanaanza kutembea kwa makundi. Yakifika Lak Nyang' yanakuta kina kimekwisha ghafla. Miguu inakwama, kichwa kinaendelea, wimbi linasimama na kuanguka juu ya mawe.

Nilijifunza. Nilijifunza vizuri kuliko wote aliowahi kuwafundisha, na hayo ni maneno yake, si yangu. Baada ya muda akawa haondoki na mashua bila mimi. Asubuhi nikifika, kikombe cha kwanza kutoka kwenye chupa ya chai kilikuwa changu, kisha chake. Wageni wakija alinionyesha kwa kidole na kusema, "Huyu ndiye macho yangu." Mke wangu alicheka akisema natembea kama mtu aliyeoa mara ya pili. Niliishi hivyo miaka mingi, na sikujua kwamba ni raha mpaka ilipoisha.

Iliisha siku Wambui aliposhuka kwenye gari la mizigo na ubao mrefu kuliko yeye, wa rangi ya krimu, umejaa viraka.

Wambui alizaliwa Kisumu. Wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka la mapazia mjini, na yeye akakulia humo, kwa hiyo Kidholuo alikisema bila kupapasa. Alikuwa amefanya kazi ya uokoaji Pwani kwa miaka kadhaa, na huko ndiko alikojifunza kuteleza juu ya mawimbi. Kituo kilitaka mtu wa kuokoa kwa ubao, kwa sababu mashua haiwezi kupita kila mahali. Nilikubaliana na wazo hilo. Nilichokuwa sijakubaliana nacho ni mtu mwenyewe.

Siku ile ile alikwenda akasimama juu ya jabali langu, akautazama mwamba wangu, akamuuliza Mzee Okeyo maswali. Mwamba una umbo gani chini ya maji? Ziwa likishuka, jiwe la juu linaonekana? Yale maji yanayorundikana ndani, nyuma ya mwamba, yanatokea wapi kurudi nje? Mimi sikuwahi kuuliza maswali hayo. Nilikuwa nimesubiri kuambiwa. Mzee alijibu yote, akageuza sikio lake zima ili amsikie vizuri, na chai ikapoa.

Nawaambia ukweli, nilifurahi sana alipoanguka. Aliingia majini alasiri, upepo wa ziwa ukiwa umekolea. Upepo huo unatoka majini kuja nchi kavu, kwa hiyo unalisukuma wimbi mgongoni. Wimbi halipati nafasi ya kusimama. Linaporomoka mapema, ovyo, moja juu ya jingine. Wambui alilala juu ya ubao, akapiga maji kwa mikono, akainuka, akaanguka. Akarudi, akaanguka tena. Alipotoka nilimwambia kwa upole mwingi kwamba hii si bahari. Akakamua nywele zake akasema ni kweli, kule mawimbi hufika yamejipanga kwa sababu yametoka mbali na kuuacha upepo wao nyuma, hapa yanafika na baba yao ameyashika shingo. Kisha akaniuliza kama kuna siku yanafika peke yao.

Ziko. Nilizijua siku hizo. Ni zile ambazo upepo wa kusini umevuma mbali mchana kutwa, ukafa, na mawimbi yake yakaendelea kutembea yenyewe. Yanafika kwetu alfajiri, wakati upepo wa nchi kavu unashuka kutoka upande wa vilima kwenda majini. Kwetu sisi wa mashua hizo ni asubuhi za kawaida, hata nzuri. Nilimwambia kwamba sijui.

Hakuhitaji niseme. Aliamka kila alfajiri na kutazama, mpaka siku ikamkuta. Nilikuwa naosha mashua. Akina mama walikuwa wanatandaza omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu. Mawimbi yalikuja marefu, yametulia, na upepo wa nchi kavu ukawa unayapiga usoni. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti. Upepo wa mbele haulisukumi wimbi, unalishikilia. Linafika kwenye mwamba, linasimama wima, laini kama ukuta uliopigwa lipu, na linakawia kuanguka. Povu la juu lilipeperushwa nyuma kama unga. Wambui alikuwa amekaa juu ya ubao wake, si katikati ya mwamba bali pembeni, pale unapopinda. Aliacha mawimbi ya kwanza ya kundi yapite. Akageuka, akapiga mikono, akasimama.

Alilifuata wimbi lile tangu kwenye kona ya nje mpaka kwenye maji meusi ya ndani, ubao ukikata, mkono mmoja ukigusa ukuta wa maji kama mtu anayetembea kando ya nyumba yake. Akina mama waliacha omena wakapiga vigelegele. Mzee Okeyo alikuwa amesimama karibu nami. Alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo. Nilidhani si kawaida yake.

Wambui alipotoka, Mzee alimwita, "Nyathina, hebu kuja hapa uniambie umeona nini."

Nyathina ni mwanangu. Mimi nilikuwa macho. Macho ni kiungo tu.

Tangu hapo walikaa wawili juu ya jabali. Mzee alimpa mwamba wote, na Wambui akamrudishia vitu ambavyo hata Mzee hakuwa navyo, kwa sababu sisi tuliutazama mwamba kutoka juu na yeye alikuwa ameogelea kandokando yake. Ndiye aliyesema kwamba kwenye ule mpindo kuna mfereji ambamo maji ya ndani hutoka, kwamba wimbi halivunjiki hapo, na kwamba mtu mwenye subira anaweza kuingia na mashua kupitia hapo mawimbi makubwa ya kundi yakishapita. Mzee Okeyo aliyarudia maneno hayo kila mahali. Kikombe cha kwanza cha chai kikaanza kwenda kwa Wambui. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Mimi nikaanza kubeba chupa yangu mwenyewe.

Nilijaribu ule ubao. Nilichagua siku Wambui alipokwenda mjini kuwaona wazazi wake, na nilichagua vibaya, kwa sababu ziwa lilikuwa limeshuka. Andikeni hili: maji yakiwa mengi juu ya Lak Nyang', wimbi linapita bila kuvunjika, yakiwa ya wastani, linavunjika vizuri, yakiwa machache, linayavuta maji yote kutoka kwenye jiwe kabla halijaanguka, na wewe unaanguka nalo kwenye jiwe tupu. Nilishonwa goti hospitali ya Kombewa. Muuguzi aliniuliza umri wangu, akautazama ubao uliochorwa kwenye fomu yangu ya maelezo, maana mke wangu alikuwa amemwelezea kwa kuchora, akasema, "Pole, Baba." Wambui aliporudi hakunicheka. Aliniletea dawa ya kupaka. Heri angenicheka.

Sasa niwaeleze ile siku mnayotaka.

Ilikuwa alasiri, upepo wa ziwa una nguvu kuliko kawaida na mawimbi ya kusini bado yako chini yake, kwa hiyo maji yalikuwa na mambo mawili kwa pamoja: marefu kutoka mbali, na mafupi ya hapo hapo yakipanda juu ya migongo yao. Mashua ya mbao ilikuwa inatoka visiwani ikileta watu wa soko. Injini ilizima. Tuliiona kwa darubini ikisukumwa moja kwa moja kuelekea Lak Nyang', upande wa nje. Nikashika darubini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa nimeona kitambaa cha manjano nilichokifahamu. Mke wangu alikuwa amekwenda kumtazama dada yake kisiwani.

Mimi ndiye niliyekuwa na zamu ya usukani. Nilikuwa tayari nimevaa jaketi. Njia yangu ilikuwa ile ya zamani, salama: kuuzunguka mwamba wote, kutia nanga upande upepo unakotoka, na kuiachia mashua ishuke taratibu kwa kamba mpaka kuwafikia. Mzee Okeyo alitazama maji, akanitazama mimi. Akasema mbele ya watu wote, "Wambui ashike usukani. Wewe shika kamba."

Nikamwambia, "Mzee, huyo ni mke wangu."

"Najua," akasema. "Ndio maana."

Sikuwa na muda wa kumchukia. Tulikwenda. Wambui aliiweka mashua ndani ya ule mpindo, akaisimamisha mbele ya mfereji, na akasubiri. Nilimwona mke wangu ameshika ukingo wa mashua yao, nikapiga kelele kwamba twende. Aliendelea kuyatazama mawimbi. Kundi la mawimbi makubwa lilipita likavunjika kushoto na kulia kwetu, maji yakatulia kidogo, naye akafungua injini. Tulipita katikati ya mwamba mahali ambapo sikuwahi kuamini kwamba kuna katikati. Kwa njia yangu tungekuwa bado tunazunguka.

Hata hivyo, ile mashua ya mbao iligonga kabla hatujaifikia. Ubavu ulipasuka, watu wakawa majini na juu ya mawe, na pale mashua yetu isingeweza kusogea bila kupasuka vilevile. Wambui akautoa ubao.

"Baba Achieng," akaniambia, "shika usukani hapa. Usisogee mbele, usirudi nyuma. Nikiwaleta, nikukute hapa hapa."

Mliobaki kazini mnajua kazi hiyo ni ipi. Mkondo wa mfereji unakutoa nje, upepo unakuingiza ndani, mawimbi yanataka kukugeuza ubavu, na mawe yako pande zote mbili. Unaishika injini kama unavyomshika mtoto mgonjwa, kidogo, zaidi kidogo, punguza, huku ukitazama nyuma kuliko mbele. Ukifanya vizuri, mashua inaonekana haifanyi lolote. Niliishika. Wambui alikwenda na kurudi. Alimlaza mtu kifudifudi juu ya ubao, akajilaza nyuma yake, akasubiri wimbi dogo, lililokwisha kuvunjika, likawavusha juu ya mawe mpaka maji matulivu ya ndani, kisha akapiga mikono mpaka kwangu. Mke wangu alikuja wa pili, baada ya mama mwenye mtoto. Nilimvuta ndani kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine haukuweza kuondoka kwenye injini. Sikuweza hata kumtazama usoni. Akaketi karibu na mguu wangu, akaushika.

Watu wote walitoka hai. Mzee mmoja alivunjika mkono, na magunia yalikwenda na maji. Ufuo mzima ulikuwa umejaa, na ufuo mzima ulikuwa ukimtazama Wambui. Walimbeba mabegani na ubao wake. Mimi nilifunga mashua, nikakung'uta kamba, nikaikunja. Mke wangu mpaka leo humpelekea kuku kila Krismasi. Anapoisimulia siku ile, naye huisimulia vizuri sana, anaanza na upepo, anaendelea na mwamba, anamaliza na ubao. Ukimsikiliza utafikiri mashua niliyoishika ilikuwa imefungwa kwenye mti.

Sikumwuliza Mzee Okeyo kitu. Alistaafu, kisha akaugua, na kila Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kumwona kwake. Kila Jumapili aliniuliza Wambui hajambo. Safari moja nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia kwamba mimi ndiye ninayekuja kila wiki.

Aligeuza kichwa, nikadhani nimesemea lile sikio bovu. Kisha akasema, "Wewe unakuja. Kwa hivyo wewe sina haja ya kukuuliza."

Nimeyageuza maneno hayo mara nyingi tangu tumzike. Kuna siku yananitosha. Kuna siku hayanitoshi.

Baadaye ziwa lilipanda. Mnakumbuka lilivyoingia kwenye mashamba na vyoo, likachukua hata banda letu la kwanza. Lak Nyang' akazama. Mawimbi ya kusini yalikuja kama kawaida, marefu, mazuri, yakapita juu yake bila kusimama, yakaenda kufia ufuoni. Wambui alichukuliwa Kisumu kufundisha waokoaji wapya. Sasa anaishi Milimani, na gari lake lina vyuma vya kubebea ubao juu. Nikabaki na mwamba, peke yangu, kama mwanzo. Nilidhani nitafurahi. Ilikuwa kama kumshinda mtu mbio kwa sababu amekwenda nyumbani.

Maji yalipoanza kupungua tena, mwaka baada ya mwaka, niliona kitu. Mfereji haukuwa pale tena. Mafuriko yalikuwa yameleta mchanga na mawe yakauziba ule mpindo, na maji ya ndani yakajitafutia njia mpya, upande wa kaskazini zaidi, nyembamba, karibu na jiwe moja jeupe. Niliigundua mimi. Asubuhi za upepo wa nchi kavu niliona mawimbi yakivunjika kila mahali isipokuwa hapo. Nikapima kina kwa kamba iliyofungwa kipande kizito cha risasi. Nikapita na mashua, mara ya kwanza kwa mwendo wa kobe, mara nyingine bila kupunguza injini. Hakuna aliyenifundisha. Hakuna aliyenitangulia.

Kisha Wambui akapiga simu. Alikuwa amesikia Lak Nyang' ameanza kuvunja mawimbi tena, na alitaka kuwaleta wanafunzi wake. Akauliza kama mpindo uko wazi. Nilisema mtandao ni mbaya, nikakata. Nikaketi nikalifurahia jambo hilo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai: kitu ambacho mimi ninacho na yeye hana. Kilikuwa kitamu. Halafu nikawaza juu ya wanafunzi wakiingia kwenye mpindo uliozibwa, nikampigia. Nikamweleza yote, jiwe jeupe, kina, upepo upi unafaa na upi haufai. Aliniuliza maswali mpaka simu ikapata joto. Mwishoni akasema, "Hii ningechukua miaka kuiona." Nikamwambia ndiyo, ungechukua.

Alikuja na wanafunzi, na baadhi yenu mlikuwa miongoni mwao. Niliwaonyesha njia kutoka kwenye mashua. Naye akaingia majini, nywele zimeanza mvi, akalipanda wimbi kutoka kwenye jiwe jeupe, na bila shaka mlimtazama yeye. Hata mimi nilimtazama. Bado ni hodari kuliko ilivyo haki.

Na ninyi, siku hiyo hiyo, mkaubatiza ule mfereji wangu jina lake. Mlango wa Wambui. Nilifungua mdomo niwasahihishe, nikakuta jina limeshafika ufuoni, kwa akina mama wa omena, kwa wavuvi, kwenye redio.

Wiki yangu ya mwisho kazini mashua ya wavuvi ilizimika upande wa nje, upepo umeshika. Nilikuwa kwenye redio, na mmoja wenu alikuwa kwenye usukani, anauliza aingilie wapi. Nilibonyeza kitufe. Nikamwambia apite Mlango wa Wambui, na akaenda moja kwa moja bila kusita, akawatoa wote. Watu wakiwa majini, si wakati wa kusahihisha majina.